Kaza Mara ya Pili

Punda wa baba aliitwa Diwani
kwa sababu, baba alisema, kila akiona mzigo alivimba tumbo.
Ukimvisha shogi, ukapitisha mkanda chini ya mbavu,
Diwani alivuta pumzi akaizuia,
akasimama anatazama njia ya Ndala
kama mtu asiye na neno moyoni.
Mgeni hukaza hapohapo, akaridhika.
Wakifika mtoni Diwani hupumua,
mkanda hulegea, na mpunga wa mwaka mzima
hugeukia tumboni, magunia yakalamba tope.

Baba hakuwa mgeni.
Alikaza, kisha akaketi kigodani
akazungumza na mama habari za kuku.
Akasokota tumbaku yake. Akaniuliza nimeota nini.
Diwani akachoka kuwa mnene.
Ndipo baba akainuka, goti ubavuni,
akavuta taratibu, matundu mawili zaidi.
"Ya kwanza ni salamu," alisema.
"Ya pili ndiyo kukaza."

Nilikaza mimi siku moja, nina miaka tisa,
nikakaza mpaka vidole vikawa vyeupe,
nikaondoka mbio nisije nikaambiwa nimechelewa.
Nusu gunia lilikwenda na maji.
Baba hakunipiga. Alipanga punje ukingoni,
moja moja, zikauke.

Leo nafundisha darasa la sita, Nzega mjini.
Nimeandika ubaoni: KAZA. Maana na mifano.
Holo kasema, kaza kamba.
Ngassa: kaza mwendo, mvua hiyo.
Wande, ambaye mama yake hupima mafuta ya kula kwa kijiko:
vyuma vimekaza, mwalimu.
Dawati la nyuma likacheka. Wanayo yao, haimo kamusini.
Nikawakazia macho, nayo ikawa ya nne.

Tukaingia kwenye mkazo, sauti inapoegemea.
Barabara: kandamiza karibu na mwisho,
unapata njia ya Singida na malori yake.
Kandamiza mapema kidogo,
unapata kazi iliyofanywa sawasawa.
Herufi zilezile, punda yuleyule,
mkanda tu umesogezwa shubiri moja.

Sikuwaambia habari ya kazamwana.
Nilipoolewa Puge, mama mkwe aliniita hivyo mbele ya wageni,
nami nikajitazama: ni nini hapa cha kukazwa?
Wiki ile nilivuta pumzi kama Diwani,
nikawa mpana, muweza wa yote,
wa maji, wa kuni, wa kicheko saa kumi na moja alfajiri.
Mama yule alinitazama, hakusema kitu.
Akaleta karanga, tukamenya siku tatu.
Ya nne nililia kwa ajili ya sufuria iliyoungua,
sufuria tu, tena ya zamani.
Jioni akanipa ufunguo wa ghala.

Jumamosi nimempeleka baba hospitali, Ndala.
Diwani aliuzwa zamani, mwaka wa ada yangu ya chuo;
baba mwenyewe sasa ni mifupa na shati.
Nesi, binti mdogo mwenye haraka na foleni mlangoni,
kamvisha kile kitambaa cha presha,
akaminya kipira, psi, psi, psi,
kitambaa kikakaza,
nami nikaona mbavu za baba zimepanda, zimesimama,
macho dirishani, njiani,
hana neno moyoni.

Nesi akachukua kalamu.

"Bado, mwanangu," baba akamwambia.
"Hiyo ni salamu.
Niulize kwanza habari za kuku."